Betri ya Ghorofa ya Juu

Jua lilikuwa linazama nilipofika kwenye taa ya mwisho. Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida: kubadilisha betri za taa za dharura kwenye ngazi za jengo la zamani la kupanga, zile taa ndogo zinazojiwasha umeme ukikatika ili watu wasivunjike shingo wakishuka. Unafungua kifuniko, unachomoa betri ya zamani, unachomeka mpya, unabonyeza kitufe cha kujaribia. Ikiwaka, unahamia nyingine. Mchana kutwa sikuwa nimezungumza na mtu, wala sikuona ajabu. Tangu mke wangu afariki nimezoea. Nikirudi nyumbani mapema, nikirudi usiku wa manane, hakuna wa kuniambia nimechelewa.

Taa hiyo ilikuwa mbele ya mlango wa mjane mmoja, mtu mzima sana, ambaye wapangaji wanamwita Bibi Ngazi. Msimamizi wa jengo alikuwa amenidokeza jana yake.

"Umeme ukikatika wenzake wanatafuta mishumaa. Yeye anatoa viti viwili, anakaa chini ya taa, anapiga soga."

"Na nani?"

"Kamuulize. Mimi nimeajiriwa kulinda jengo, si vichwa vya watu."

Sasa Bibi Ngazi alikuwa amesimama mlangoni, anatazama bisibisi yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiyo iache, baba."

Alisema kwa kunong'ona, kama kuna mtoto aliyelala ndani.

"Nikiiacha, mama, siku mtu akianguka gizani nitakuwa nimemwangusha mimi."

"Aliiweka mzee wangu. Alikuwa fundi wa kupaka rangi. Mwenye nyumba aliahidi betri mpaka tukachoka, basi mzee akachukua ngazi yake ya kazini akapanda mwenyewe. Aliposhuka akakaa hapo kwenye kipandio. Akasema anapumzika kidogo, hakuinuka tena. Taa hiyo ikiwaka, huwa anakuja. Haongei sana. Hata alipokuwa hai hakuwa msemaji."

Sikumcheka. Nimeishi peke yangu vya kutosha kujua kwamba mtu anaweza kuongea na kiti na bado akawa na akili zake.

"Taa itabaki ile ile," nikamwambia. "Nabadilisha betri tu. Akija ataikuta."

Akainua macho kwenye taa.

"Haya. Wewe ndiye unayejua umeme." Akafunga mlango taratibu.

Betri zote za jengo lile nilizikuta zimekufa, mawe matupu. Hii ya mwisho, iliyokuwa na umri mkubwa kuliko zote, ilikuwa imejaa chaji. Tena ilikuwa na joto, kama kitu kilichotoka mfukoni mwa mtu. Sisi mafundi betri ya zamani yenye uhai hatuitupi. Tunakwenda nayo nyumbani. Nikaitia kwenye mkoba, na usiku ule ule nikaichomeka kwenye taa ya dharura ya jikoni kwangu.

Kesho yake, magharibi, nikiwa mezani na chai, umeme wa mtaani ukakatika.

Taa ikawaka. Mwanga wake ulikuwa hafifu, wa manjano.

Kisha nikasikia mtu anapanda ngazi. Polepole… kwa kupumzika kila baada ya hatua chache. Nilisikiliza huku nimeshika kikombe, nikijiambia ni jirani.

Nyumba yangu ni ya chini. Haina ngazi.

Hatua zikafika juu. Zikasimama. Harufu ikaingia jikoni… rangi ya mafuta, mbichi, kama ukuta uliopakwa jioni hiyo. Kiti cha mke wangu, ng'ambo ya meza, kikatoa mlio kwa uzito wa mtu anayekaa.

Sikuona mtu. Niliona kiti tu, na vumbi la juu yake limefutika.

"Mke wangu yuko wapi?"

Sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka, haikuwa na ukali.

"Yuko kule kule, mzee," nikanong'ona. "Ni mimi niliyekuhamisha. Sikujua. Kesho nakurudisha."

Nikasikia pumzi. Halafu…

"Na wewe hapa… unakaa na nani?"

Nikatazama kiti kile cha mke wangu.

Umeme ukarudi. Taa ya dharura ikazimika, na kiti kilikuwa kimevutwa mbali na meza.

Kulipokucha nilikuwa mlangoni kwa Bibi Ngazi, betri mkononi. Alifungua kabla sijabisha. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Alikuja jana," akasema.

"Huku nako umeme ulikatika?"

"Haukukatika. Ndiyo mara ya kwanza kuja taa zote zikiwaka. Nilimtolea kiti, hakukaa. Alisimama hapo ulipo."

Nikasogea pembeni.

"Alisema nini, mama?"

"Alikuja kuniaga. Eti mimi nina majirani wa kunisengenya, nina watoto wa kunipigia simu. Eti amepata nyumba ambayo mwenyewe hana hata wa kumuuliza ametoka wapi." Akajifuta uso kwa kiganja. "Alikuwa hivyo hivyo, huyo mtu. Wa kuhurumia wengine mpaka nyumbani kunalala njaa."

Nikapanda haraka juu ya kimoja cha viti vyake viwili, nikairudisha betri mahali pake, nikabonyeza kitufe. Giza. Nikabonyeza tena, na tena. Ilikuwa imekufa, baridi, jiwe kama zile nyingine.

"Shuka tu, mwanangu," akaniambia.

Niliposhuka, alikuwa anaingiza ndani kiti cha pili. Hakuniangalia.

Siku ile sikutaka kurudi kwangu. Nilizunguka madukani, nikakaa kwenye benchi la kituo cha basi nikitazama watu wakienda makwao, mpaka benchi likabaki na mimi tu. Jua lilipozama sikuwa na pengine pa kwenda.

Madirisha ya majirani yalikuwa na mwanga. Langu lilikuwa jeusi, kama nilivyoliacha. Mlangoni palinuka rangi mbichi.

Nikatoa ufunguo.

Kabla sijauingiza, kitasa kikageuka. Kwa ndani. Mlango ukafunguka upana wa kiganja.

"Umechelewa," sauti ikanong'ona.

Barabara ilikuwa nyuma yangu, wazi. Ningeweza kukimbia.

Nikainama… nikavua viatu.