Kura ya Mama Mchungaji

"Mwambie mchungaji leo maji yanajaa saa tisa unusu," sauti ya mwanamke ilisema kwenye simu. "Asisahau nguo ya kubadilisha."

"Nimwambie nani amepiga?" mke wa mchungaji aliuliza.

Simu ikakatwa.

Ilikuwa Alhamisi, mwaka 1996. Alhamisi tatu mfululizo Kenneth Menza, mchungaji wa kanisa dogo la Kibaptisti pale Buxton, alikuwa amerudi nyumbani suruali imelowa maji ya chumvi. Kila mara alimwambia mkewe, Dama, kwamba ametoka kutembelea waumini.

Safari hii Dama alimfuata. Menza aliingia Mji wa Kale, akapita vichochoro viwili, akashuka ngazi za mawe hadi baharini. Dama akachungulia kwa juu, nyuma ya ukuta. Mumewe alikuwa majini hadi kiunoni, mkono mmoja mgongoni mwa Rispah, karani wa bandarini Kilindini, miaka ishirini na minane, hajaolewa. Rispah alikuwa amemkumbatia shingoni. Wote wawili walikuwa wanacheka.

Jioni Dama aliuliza:

"Baba Nyevu, leo ulikuwa wapi?"

"Kwa muumini."

"Yupi?"

"Mke wangu, mengine watu huniambia kama mchungaji. Si yangu kuyatoa."

"Na suruali nayo imekula kiapo? Mbona yenyewe inasema?"

Menza akainama kuvua viatu.

"Haya, nyamaza. Jumapili kuna mkutano wa washiriki. Nami ni mshiriki."

Menza alielewa. Kanisani kwao hapana abatizwaye kabla washiriki hawajamkubali kwa kuinua mikono. Kura ya mchungaji ni moja, ya mkewe ni moja, na anayepinga hutoa sababu mbele ya wote. Jumapili hiyo aliyekuwa akiombewa kura ni Rispah.

"Dama, ukisimama pale, uchungaji wangu umekwisha."

"Ungelifikiria hilo kabla ya kulowa."

Jumapili, Shemasi Awiti aliongoza kura.

"Wanaomkubali dada Rispah?"

Mikono ikainuka.

"Wanaopinga?"

Ukainuka mmoja. Watu wakageuka.

"Mama Mchungaji? Basi tupe sababu."

"Sababu anayo mwenyewe. Atueleze Alhamisi huwa wapi na mume wangu."

Rispah akasimama.

"Si lazima, Rispah," Menza alisema.

"Niache niseme, mchungaji. Nikiwa na miaka tisa niliteleza mtoni. Dada yangu aliingia kunitoa. Mimi nikatoka, yeye hakutoka. Tangu siku hiyo naogopa maji. Hata kuoga naoga kwa kikombe. Miaka minne niko hapa, na kila ubatizo wa kuzamishwa ukitangazwa natoroka. Nikamwomba mchungaji anizoeze, magoti kwanza, kisha kiuno. Nikamwapisha asimwambie mtu. Niliona haya, hata simu niliikata bila kujitaja. Karani wa bandari anayeogopa maji!"

Mtu mmoja nyuma alicheka. Awiti akamkata jicho.

"Na kile kicheko?" Dama aliuliza. "Niliwaona."

"Siku ile maji yalinifika kiunoni, mama, na bado nilikuwa hai."

Dama akamgeukia mumewe.

"Siri ya mtu sikuulizi. Nakuuliza hili: kanisa lina akina mama thelathini. Hukuona hata mmoja wa kumshika?"

Menza akasimama. Hakujitetea.

"Niliona. Rispah hakukosa lolote, nimekosa mimi. Nilipenda kuwa mtu pekee ambaye yeye anamwamini. Nikaliita jambo hilo huduma."

Awiti akamgeukia Dama.

"Mama, unaondoa pingamizi?" Awiti aliuliza.

"Kwa sharti. Kuanzia Alhamisi hii namshika mimi. Mchungaji atakaa juu ya ngazi na taulo."

Rispah akafuta macho.

"Mama, kwani unajua kuogelea?"

"Sijui. Tutaogopa pamoja."

Kura ikapigwa upya, na safari hii hakuna aliyepinga.

Walipotoka nje, Menza alimsogelea mkewe.

"Umenisamehe, Mama Nyevu?"

"Kura ilikuwa ya Rispah. Yako bado."

Lakini alimshika mkono, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya barabarani, na hakuuachilia mpaka mlangoni kwao, majirani wote wakitazama.