Kivuli Ndicho Kipimo

Seremala alirudi kutoka kusafisha filamu, na bahasha ya picha mkononi, amenuna. Nyingine zilikuwa nyeupe kama unga. Nyingine giza tupu.

"Huyu ni mama au gunia la mkaa?" mkewe aliuliza.

Seremala hakucheka. Keshokutwa mama yake angehamia kwa bintiye, safari ya siku mbili. Hawakuwa na picha yake hata moja akiwa na wajukuu.

"Kipima mwanga cha kamera kimekufa," alisema. "Nabahatisha tu."

Jirani yao dobi alikuwa akianika mashuka uani. Zamani alikuwa mpiga picha.

"Shemeji, macho si unayo?" alisema. "Umeweka filamu ya namba ngapi?"

"Ya mia moja, dada."

"Basi kasi ya kufyatua weka mia moja ishirini na tano, ndiyo iliyo karibu na mia. Iache hapo hapo. Sasa tazama kivuli changu. Kingo zake zikoje?"

"Kali, kama zimekatwa kwa msumeno."

"Hilo jua kali. Tundu la lenzi weka kumi na sita."

Wingu jepesi likapita mbele ya jua. Kingo za kivuli zikalainika.

"Na sasa?"

"Ishirini na mbili?"

Dobi akaangua kicheko. "Unalifinya tundu! Weka kumi na moja. Namba ikishuka, tundu linapanuka. Kivuli kikififia sana, nane. Kikitoweka kwa mawingu, tano nukta sita. Watu wakikaa kivulini, nne."

"Kumbe ni kama dirisha," seremala alisema. "Mwanga ukipungua, nalifungua zaidi."

"Hapo umenena."

Kesho yake jua liliwaka. Bibi aliketi barazani, wajukuu wamemzunguka. Seremala akaweka kumi na sita, akainua kamera.

"Baba watoto!" mkewe akaita kutoka kwenye cherehani. "Jua liko kwako. Wao wako kivulini!"

Seremala akashtuka, akaweka nne. Kwa utulivu, akapiga.

Jioni picha zilitoka safi. Kila uso ulionekana, hata kidoti cha bibi shavuni. Bibi aliitazama moja kwa muda mrefu.

"Mbona mmenizeesha?"

"Mama, ndivyo ulivyo!"

Bibi akacheka, akaitia picha kwenye mkoba wake na kufunga zipu.

"Hii yangu. Nyie jisafishieni nyingine."