Sketi Aliyoificha Tabita

Kila Ijumaa saa nane mchana, wanafunzi kumi na mmoja wa ushonaji katika kituo kimoja cha ufundi mjini Tunduma husogeza vyerehani ukutani na kukaa mduara. Kila mmoja hutoa kazi aliyoiharibu wiki hiyo. Wenzake huikagua, humwonyesha alipokosea, kisha huifumua pamoja naye. Huo ndio mkutano wa chama chao.

Tabita, msichana wa miaka kumi na mitano kutoka Nanyala, alitoa blauzi isiyo na kasoro.

"Tena?" Fausta, mwenyekiti, aliigeuza blauzi nje ndani. "Wiki ya tano hii. Tumesema kazi iliyoharibika, Tabita. Wewe unatuletea maonyesho!"

"Sasa dada Fausta, kama sikukosea, nikosee makusudi?"

"Awe!" alisema Shadrack, ambaye mama yake huuza vitenge ng'ambo ya mpaka, naye hukataa kila jambo kwa Kibemba. "Huyu cherehani chake kimeombewa. Mimi mwenzenu nimeshona mkono wa shati shingoni."

Wote walicheka isipokuwa Fausta. Jumatatu, Fundi Imelda wa Vwawa, mshonaji wa sare za shule, angekuja kuchagua wanafunzi wawili wa kufanya mazoezi kwake kwa miezi mitatu. Yeye huchagua miongoni mwa walioandikiwa barua na chama tu. Barua hiyo hutaja kazi ambayo mwanafunzi anaiweza, kosa alilokuwa akilifanya, na namna alivyolirekebisha. Tabita aliitaka sana nafasi hiyo.

"Kwenye kosa nikuandikie nini?" Fausta aliuliza.

"Andika hakuna."

"Ili Fundi Imelda atuone waongo sote? Siandiki."

Tabita alitoka kwa hasira, akamfuata Mwalimu Jenista ofisini. "Mwalimu, wananionea wivu. Wamekataa kuniandikia barua."

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Sketi ya zipu niliyowapa mshone iko wapi?"

"Bado kidogo, Mwalimu."

"Wenzako walikabidhi zao Jumanne. Nimekuuliza mara tatu, na mara tatu umenijibu 'bado kidogo'. Tabita, wenzako watakusaidiaje katika jambo usilowaonyesha?"

Sketi ilikuwa ndani ya mkoba wake. Alikuwa ameishona zipu na kuifumua mara nne, mpaka kitambaa kikatoboka. Alirudi kwa wenzake na kuitupa katikati ya mduara.

Shadrack aliinyanyua. "Mama yangu! Hii ni zipu au barabara ya kona kona ya kupanda milima ya Ibaba?"

"Nipe!" Tabita alifoka, machozi yakimlengalenga.

"Tulia," alisema Shadrack. "Ulipiga bandi kwanza?"

"Hapana. Nilibana kwa pini."

"Ndiyo maana kitambaa kinateleza. Shona kwa mkono kwanza, mishono mirefu, halafu ndiyo uende kwenye cherehani."

Walikata kipande kipya. Tabita alipiga bandi, Shadrack akimsimamia na kumkatiza kila mara. Baada ya dakika arobaini, zipu ililala imenyooka.

Fausta aliandika, kisha akasoma: "Alikuwa akishona zipu bila kupiga bandi. Tena alikuwa akificha makosa. La kwanza amelirekebisha. La pili ameanza kulirekebisha leo."

"Hilo la pili ni lazima?"

"Ndilo lililotuchosha wiki tano."

Jumatatu, Fundi Imelda alisoma barua zote. Alimchagua mvulana mmoja, kisha akamwita Tabita.

"Fundi asiyekosea sijamwona," alisema. "Ninayemwogopa ni anayekosea kimyakimya, nikaja kujua wakati sare mia mbili zimeshafika shuleni. Wenzako wamekusema wazi, ndiyo maana nawaamini. Chama cha kusifiana tu kisingekupatia kazi popote. Sasa nijibu: siku utakayoniharibia kitambaa, utafanya nini?"

"Nitakuita, Fundi."

"Saa ngapi?"

"Saa ileile."

"Basi Jumatano saa moja asubuhi uwe Vwawa."