Machozi Ambayo Daktari Hakuyalia

"Usiseme neno. Bado hatujavuka barabara."

Mtangazaji wa redio alifumba kinywa. Ndiyo kanuni waliyojiwekea tangu uchumba wao ulipokuwa mchanga: filamu ya Mwongozaji wanayempenda kupita wote haizungumzwi mpaka wafike ng'ambo, mbele ya duka la vinywaji. Hii ya sasa waliingoja mwaka mzima. Kila ukuta wa mji ulibandikwa picha zake, na ilitangazwa kuwa wenye moyo dhaifu wasithubutu kukanyaga ukumbini. Mchumba wake, daktari wa meno, alikuwa amewaahirisha wagonjwa wa alasiri nzima ili apate kiti cha mbele.

Walivuka.

"Sasa sema," alisema Daktari.

"Anza wewe."

"Nimepiga miayo, mpenzi. Nikajificha nyuma ya mkoba nisionekane."

"Miayo?"

"Mzimu katokea mlangoni, katokea dirishani, katokea jikoni. Mwishowe nikatamani kumkaribisha kiti. Mgonjwa wangu haogopi koleo analoliona. Huogopa lile nililolifunika kwa kitambaa. Leo mzee wetu Mwongozaji kafunua kila kitu. Imeniuma, kwa sababu nampenda."

"Mimi imenitisha," alisema Mtangazaji, macho yakiwa kwenye viatu vyake.

"Wewe? Si ndiwe uliyekuwa ukikoroma?"

"Nilikuwa nahema kwa hofu."

Hakupata nafasi ya kuongeza uongo mwingine. Redio ya Mama wa Dukani, iliyokuwa juu ya rafu, ilianza kunena kwa sauti inayojulikana mji mzima.

"Wasikilizaji wangu, nimetoka ukumbini sasa hivi. Miguu ingali inatetemeka. Mchumba wangu, daktari asiyeogopa damu, ameung'ang'ania mkono wangu akilia kama mtoto mchanga. Hii ndiyo filamu ya karne."

Daktari alimgeukia mwenye sauti ile, aliyesimama mbele yake, midomo imefungwa.

"Wewe uko hapa. Yule ni nani?"

"Nilirekodi asubuhi."

"Kabla ya kuiona?"

"Mzee hajawahi kutuangusha. Nilijua itakuwa nzuri. Tena ameniahidi niwe msimulizi katika filamu yake ijayo, nikaona..."

"Nami nililia saa ngapi?"

"Hata mimi nashangaa," alidakia Mama wa Dukani. "Dada, mbona uso mkavu?"

Simu ya Daktari iliita. Alikuwa mama yake.

"Mwanangu, nasikia redioni umelizwa. Baba yako anatafuta viatu aje kukuchukua."

"Sijalia, mama. Mwambie baba akae."

Akakata simu, akasema taratibu:

"Jumamosi wazee wako wasisumbuke kuja kwetu kuposa."

"Kwa sababu ya filamu?"

"Filamu mbovu nitaisahau. Lakini mtu anayenitolea machozi kabla sijalia, kesho atanitolea 'ndiyo' nami nimenyamaza."

Mwanamume asiye na haya angebishana. Huyu aliona haya, na haya ndiyo iliyompa miguu. Alitimua mbio kuelekea studio, mtaa wa pili, tai ikipepea begani.

Daktari hakuondoka. Alidai kwamba anamalizia soda, ingawa chupa ilikuwa tupu.

Haukupita muda, muziki redioni ulikatwa katikati.

"Wasikilizaji, niwieni radhi," ilisema sauti, ikihema. "Maneno mliyoyasikia niliyarekodi kabla sijaiona filamu. Sasa nimeiona, nami nilisinzia. Mchumba wangu hakulia. Alipiga miayo, kisha akasikitika. Kazi nzuri za mzee wetu ni nyingi. Hii si mojawapo."

"Huyo kesho hana kazi," alisema Mama wa Dukani, akiongeza sauti ya redio.

"Tunaye mpiga simu. Ni... ni Mwongozaji mwenyewe. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kijana, ile nafasi ya msimulizi."

"Nimekwisha kuiaga, mzee."

"Vyema. Basi niambie ulisinzia wapi."

"Mzimu alipotokea jikoni."

"Hata mimi," alisema Mwongozaji, akakata simu.

Mama wa Dukani alicheka mpaka akashika meza. Simu ya Daktari ikaita tena, na redio ikairudia sauti ileile iliyokuwa sikioni mwake.

"Uko hewani, mpenzi. Nina swali, nataka nikuulize mbele ya watu wote."

"Hapana. Umekwisha kunisemea mbele ya watu mara moja, yatosha. Zima kipaza sauti, ndipo uniulize."

Redio ikanyamaza. Hapakuwa na muziki wala tangazo. Dereva wa teksi aliyekuja kununua maji alibaki ameishika chupa bila kuifungua. Mama wa Dukani aliipiga redio kofi, haikujibu.

"Mbona kimya hivi?" alinong'ona. "Moyo unanienda mbio."

Daktari alikuwa amewapa mgongo. Alisikiliza kwa muda mrefu. Mabega yake yalianza kutikisika, na hakuna dukani aliyeweza kutambua kama ni kilio au kicheko.

"Saa nne ni mapema mno," alisema hatimaye. "Baba huchelewa kunyoa ndevu. Waambie wazee wako waje saa tano."