Kamera Iliyogoma Kuamka

Kila jioni, Chapuchapu alimaliza kazi za shule kisha akaenda chumbani kwa shangazi yake kumsaidia. Jina hilo alipewa nyumbani, kwa kuwa hata uji aliunywa akiwa mlangoni. Shangazi alikuwa mtaalamu wa kompyuta. Aliandika ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo inayovilaza vifaa, kama skrini na kamera, visipotumika na kuviamsha vinapohitajika. Jioni moja aliletewa kompyuta za shule azirekebishe: hazikuwa zikilaza chochote, betri zikaisha katikati ya somo, na kesho yake darasa la Chapuchapu lilikuwa na mtihani wa kufanyia kwenye kompyuta hizo.

"Ilaze hii kompyuta," Shangazi alisema. "Subiri taa yake izimike kabisa, ndipo uiamshe."

Kusubiri taa? Nani ana muda huo! Taa ikiwa bado inawaka, Chapuchapu alibonyeza kitufe cha kuiamsha kompyuta. Skrini ikarudi, kamera ikagoma.

"Kamera haijaamka, shangazi."

"Umesubiri taa?"

"Nimesubiri."

Shangazi akaguna, akafuta alichoandika, akaandika upya. Kamera ikagoma. Akafuta tena. Kazi nzuri ikawa inabomolewa hivihivi, na mtoto anatazama tu.

"Jamani, hii kamera inanitafutia nini?" Shangazi alishika kichwa. "Nimechoka. Nampigia mwalimu mkuu aahirishe mtihani. Nimeshindwa."

Alipochukua simu, Chapuchapu alimshika mkono.

"Usipige, shangazi. Sikusubiri taa. Hata mara moja."

"Yaani yote niliyoyafuta yalikuwa sawa?"

"Ndiyo."

"We mtoto, utaniua kwa presha." Aliweka simu chini, kisha akakunja uso. "Hebu ngoja. Unaiamsha wakati bado inasinzia? Na darasani kwenu wenye pupa kama yako ni wangapi?"

"Wengi."

Shangazi akarudisha kazi yake ya mwanzo, akaongeza amri moja: kamera imalize kulala kwanza, ndipo ikubali kuamshwa. Chapuchapu akabonyeza kwa haraka yake ileile. Kamera ikaamka. Akacheka, lakini Shangazi hakucheka.

"Haraka yako imenionyesha kosa la kweli," alisema. "Uwongo wako ndio uliolificha. Ungesema mapema, tungemaliza kabla ya chakula. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, lakini wanaochoka kuipita ni wenzake. Ukikosea, sema. Kosa lililosemwa hurekebishika."

Chapuchapu akavuta kompyuta ya pili, bila kuambiwa.