Utabiri wa Shemasi Kwamboka

"Nilienda kwa mganga," Kwamboka alisema, kisha akaendelea kusonga ugali kana kwamba amesema alienda kisimani.

Machogu aliweka kikombe cha chai chini. "Mama, wewe?"

"Mimi."

"Shemasi wa kanisa?"

"Punguza sauti. Majirani wako hapo tu."

Hii ilikuwa Nyamarambe, upande wa Kisii, mwezi wa saba, mwaka wa 1972. Kwamboka alikuwa mjane Mwadventista wa kweli kweli, mtu ambaye Ijumaa jua likianza kuzama hata jivu hazoi. Alikuwa shemasi kwa miaka kumi na miwili, na walevi wa sokoni wakimwona kwa mbali walificha chupa. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, huyu Machogu, mwalimu wa sekondari, suruali imepigwa pasi ya makaa mpaka mkunjo unakata.

"Mganga gani?"

"Omoragori wa kule mlimani, yule wa ramli. Alisema Gesare hataingia nyumba hii. Mwanaume wa upande wa Ogembo atakaribishwa kwao kabla yako, na wewe utabaki na aibu."

"Mimi siamini hayo maneno, mama. Nimesoma."

"Usiamini. Mimi nimekuambia tu."

Gesare alikuwa muuguzi katika zahanati ya hapo Nyamarambe, binti wa Mzee Nyasani wa Ekerenyo, mbali kule Nyamira. Walikuwa wamependana mwaka mzima na mambo yalikuwa yamepangwa. Wiki ya pili, siku ya Jumapili, mwalimu Abner angekwenda Ekerenyo kama esigani. Kwa Wakisii kijana hajipeleki kwa baba wa msichana. Esigani ndiye mshenga, hubeba maneno ya pande zote mbili na kuyalainisha njiani. Baada ya harusi, Gesare angehamia zahanati ya karibu na kwao, na Machogu alikuwa ameshaomba shule huko huko.

Lakini tangu jioni ile kijana hakutulia tena. Chaki ilimkatikia mkononi. Aliilaumu kengele ya shule kwamba inachelewa. Alijiambia mara mia kwamba haamini waganga, halafu akajijibu mwenyewe: mama anaweza kusema uongo juu ya jambo lingine, lakini nani angejisingizia aibu kama hiyo? Shemasi mzima! Hesabu hiyo aliiona imekamilika, na ndipo alipopotea.

Alhamisi alasiri Gesare alipita shuleni. Machogu alikuwa anawafundisha kidato cha nne tamthilia za Wagiriki wa kale, na msichana akasimama mlangoni akisikiliza.

"Watu husema mtabiri ndiye aliyemwangusha mfalme," Machogu alikuwa akiwaambia. "Hapana. Mtabiri alisema tu. Mfalme aliangushwa na kasoro yake mwenyewe. Alikuwa na hasira, alikuwa na haraka, na alijiona anajua. Andikeni."

Wanafunzi wakaandika. Walipotoka, Gesare akaingia akicheka.

"Mwalimu, leo umewachapa wafalme vizuri."

"Umekuja kufanya nini?"

"Kukuaga. Nimepewa ruhusa ya siku tatu. Kesho naenda nyumbani, baba ameandika kwamba kuna mgeni wa kupokea."

"Mgeni."

"Ndiyo. Anatoka Ogembo."

Machogu aligeuka akaanza kufuta ubao uliokuwa umeshafutwa. Gesare akautazama mgongo ule.

"Una swali, Machogu?"

"Sina."

"Maana mgongo wako una swali."

"Nimesema sina. Safari njema."

Jamani, swali moja tu! Maneno mawili, "mgeni gani," na simulizi hii ningeimalizia hapa kwa vigelegele. Lakini mwanaume huyu aliona kuuliza ni kujishusha. Kesho yake hakwenda darasani. Alifunga tai, akapanda basi la Kisii, akaunganisha lingine, na mchana akashuka Ekerenyo akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Kwa Abner hakupita.

Nyumbani kwa Mzee Nyasani kulikuwa na kuku mezani. Mzee alikuwa amekaa na mgeni wa makamo mwenye koti la kahawia, mama yake Gesare akimimina mchuzi, na Gesare mwenyewe ameshika birika la kunawia mikono. Machogu aliingia bila hodi.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

Mzee Nyasani alimtazama kuanzia viatu. "Kijana, kwetu mtu husalimia kwanza. Wewe ni wa nani?"

"Mimi ni Machogu. Mimi ndiye wa kuleta ng'ombe hapa. Nimesikia mnampa mtu mwingine mke wangu."

"Machogu," Gesare alisema polepole, "toka nje tuongee."

"Sitoki. Wewe ndiye uliniaga ukitabasamu, kumbe unakuja kumnawisha huyu mikono. Mganga alimwambia mama yangu, akasema mwanaume wa Ogembo, na mimi mjinga nikakataa." Alimgeukia mgeni. "Na wewe mzee huoni haya? Mtu na mvi zako unakula kuku wa uchumba wa watu?"

Mgeni aliweka mfupa kwenye sahani, akanyoosha mikono, na Gesare akammiminia maji.

"Naitwa Momanyi," mgeni alisema. "Mama wa msichana huyu ni dada yangu, tumbo moja. Aliniita kutoka Ogembo nije nisikie habari za kijana anayemtaka mpwa wangu, maana mjomba asipokubali, harusi haiendi. Nilitaka kujua ni mtu wa namna gani."

Akajifuta mikono kidole kwa kidole.

"Sasa nimemwona."

Mama yake Gesare alikuwa amejifunika uso kwa leso, kwa sababu mkwe mtarajiwa ameingia kabla ya siku ambayo desturi inamruhusu kuonana na mama mkwe, tena kwa matusi, mbele ya kaka yake.

"Mwambie huyo esigani wako asipoteze nauli," Mzee Nyasani alisema. "Na ukitoka, funga mlango."

Jumatatu Gesare alirudi kazini. Machogu alimwandikia barua tatu kwa siku moja. Alijibiwa moja, kwenye karatasi ya kuandikia dawa:

"Machogu, usije zahanati. Ukija nitakupanga foleni na wagonjwa, na wewe huumwi. Gesare."

Hapo bado mambo yalikuwa hayajaisha. Ule mdomo wa Machogu ulikuwa umetaja mganga mbele ya akina Nyasani, ambao nao ni Waadventista, na maneno ya namna hiyo hayahitaji basi kusafiri. Kufika Sabato ya Jumamosi, Nyamarambe nzima ilikuwa inajua kwamba Shemasi Kwamboka alipiga ramli. Ibada ilipokwisha, mzee wa kanisa, Angwenyi, aliwaomba washiriki wasitoke.

"Dada Kwamboka, simama," alisema. "Tumesikia kwamba ulikwenda kwa omoragori. Kama ni kweli, hutakuwa shemasi tena, na jina lako litatoka kwenye kitabu cha kanisa. Ni kweli?"

Kwamboka alisimama. Machogu alikuwa upande wa wanaume, ameinamisha kichwa. Gesare alikuwa kiti cha nyuma, karibu na mlango.

"Sikwenda," Kwamboka alisema.

"Basi kijana alitoa wapi hayo maneno?"

"Kwangu."

"Sijaelewa, dada."

"Nilimdanganya. Hakuna mganga aliyesema kitu. Kule mlimani sijawahi kukanyaga." Sauti yake ilikuwa ndogo lakini kanisa lilikuwa kimya, kwa hiyo ilifika. "Nilisikia sokoni kwamba kwa akina Gesare wanangoja mgeni wa Ogembo. Sikujua ni mjomba. Nikaona nikisema ni mimi simtaki msichana, mwanangu atabishana na mimi. Lakini nikisema nimetenda dhambi kwa ajili yake, ataniamini, aogope."

"Kwa nini, dada? Msichana alikukosea nini?"

"Hajanikosea. Alikuwa anamchukua mwanangu kwenda Ekerenyo. Mimi nina mtoto mmoja. Niliogopa kubaki peke yangu."

Kanisa likavuma. Mama huyu alikuwa amejitwika dhambi ambayo hakuitenda, na sasa ilimbidi aitoe hadharani ili ibaki ile aliyoitenda. Walimwondolea ushemasi kwa mwaka mmoja kwa sababu ya uongo. Alikubali bila kulalamika.

Jumapili asubuhi Machogu alikwenda zahanati karibu akikimbia. Gesare alikuwa anafunga sanduku. Uhamisho wake ulikuwa umekuja.

"Ulisikia jana," Machogu alisema. "Ulikuwa uongo mtupu. Hakukuwa na mganga."

"Nilisikia."

"Basi tuanze upya. Nitakwenda Ogembo nipige magoti mbele ya mjomba. Abner ameshakubali kwenda kwa baba yako. Mambo yote haya aliyaleta mama, Gesare. Umemsikia kwa mdomo wake."

Gesare alikaa juu ya sanduku. Macho yake yalikuwa mekundu na hakujaribu kuyaficha.

"Nikwambie ukweli? Wiki nzima nilikuwa nimeshaanza kukusamehe. Nilisema, mwenzangu ametishwa na mganga, na mtu aliyetishwa hajijui. Nilikuwa naomba mganga awepo."

"Lakini hii ni afadhali. Hayupo."

"Ndiyo, hayupo. Kwa hiyo waliokuwepo ni mama anayeogopa upweke na wewe. Nilikuuliza kama una swali. Ukasema huna. Mabasi mawili, safari nzima mpaka kwa baba, na hukupata nafasi ya kuniuliza?"

"Nilikuwa na hasira."

"Najua. Nakupenda, Machogu, usidhani nimeacha. Ila mtu akikunong'oneza uongo mwingine juu yangu nikiwa na watoto wako, utaingia mlango upi bila hodi?"

Machogu alitazama sakafu.

"Mama yako nilimpitia jana jioni," Gesare alisema. "Tumelia wote wawili. Yeye nimemsamehe."

"Na mimi?"

"Wewe nakuogopa."

Kisha akamwomba ampishe, akainua sanduku mwenyewe, akatoka nalo kwenda kituoni. Machogu alinyoosha mkono kumpokea mzigo, kisha akaurudisha.

Alipofika nyumbani, mama yake alikuwa amesimama mlangoni na chakula kimeshapoa mezani.

"Amesemaje?" Kwamboka aliuliza.

"Amesema amekusamehe."

Kwamboka alingoja amalizie. Machogu alivuta kiti, akanawa mikono, akaanza kula.