Msikilizaji wa Kiti cha Mbele

Kiti cha mbele kilikuwa hakikaliwi. Watu walibanana nyuma kama kuni mzigoni, wengine wakaning'inia mlangoni, lakini kile kiti cha plastiki kilichokuwa karibu kabisa na msomaji kilibaki kitupu. Mara mojamoja mgeni alikikalia. Alikaa, akajikunyata, akainuka huku akijipangusa nguo nyuma.

"Kina joto," alisema. "Kama mtu katoka sasa hivi."

Mama Onja aliliona jambo hilo akalipuuza. Mwanamke anayeamka kabla ya jogoo, akafua, akapika, akamwamsha mtoto kwa kumvuta mguu, hana nafasi ya kuhangaikia kiti.

Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu ya kazi yake, nayo ilikuwa kuonjesha vitabu. Rafu ya mbele ya duka la vitabu alikoajiriwa iliandikwa VINAVYOPENDWA, na humo vilikaa vya kila aina: vya upelelezi, vya mapenzi, vya vita, vya safari, vya kutisha, vya maisha ya watu waliovuma, hata vya watoto. Kila mchana, wafanyakazi wa ofisi za jirani walipotoka kula, yeye alichukua kimoja akakisoma kwa sauti tangu mwanzo. Sauti alikuwa nayo, hata maadui zake walikiri. Akisoma mapenzi, wanawake walishika mashavu. Akisoma upelelezi, wanaume waliacha kutafuna. Halafu hapo hapo, mkono wa muuaji unapogusa kitasa, pap! alifunga kitabu.

"Aa! Mama Onja, unatuua!"

"Mwisho uko rafuni. Nunua."

Hiyo ndiyo ilikuwa amri ya Bosi, mwenye duka. Bosi mwenyewe hakuwahi kusoma kitabu hata kimoja. Alivijua kwa uzito, kama muuza viazi. "Ukiwamalizia hadithi umeniibia," alimwambia siku alipomwajiri. Basi hakumalizia. Wala nyumbani hakumalizia, maana kila alipofungua kitabu kitandani kilimwangukia usoni kabla hajageuza ukurasa. Watu walimsifu kuwa hakuna kitabu asichokijua. Ukimuuliza uanze na kipi, alikutazama viatu, akakutazama macho, akakupa kinachokufaa, na hakukosea. Ukimuuliza kinaishaje, alicheka. Walidhani anaficha. Hakuwa anajua.

Siku moja alifunga kitabu cha mlinzi wa mnara, kile kilichokuwa kikigombewa kuliko vyote, na katikati ya kelele za kulalamika akasikia sauti isiyolalamika. Ilitoka chini, usawa wa magoti yake, kavu kama ukurasa unaogeuzwa.

"Halafu?"

Akatazama. Kiti kitupu.

"Nani kasema halafu?"

"Sote tunasema halafu!" akajibu karani mmoja, watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Pua yake ilikuwa imeingiwa na harufu ya karatasi iliyoungua.

Harufu ile ilimfuata mpaka nyumbani. Aliisikia jikoni, akadhani sufuria. Aliisikia kwenye nguo alizokwisha kuzifua, akazifua tena, akitukana.

Nyumbani alibaki na binti mmoja tu, wa mwisho, waliyemwita Kitinda. Dada zake walikuwa wameshaolewa. Alikuwa mtoto msemaji, wa kukusimulia kipindi kizima cha darasani na kikohozi cha mwalimu ndani yake. Jioni moja alitupa mkoba, akaanza, "Mama, unajua leo mwalimu ka—"

Akanyamaza.

"Ka nini?"

Mtoto alisimama mdomo wazi. "Sijui. Nilikuwa nao mwisho wake. Umetoka."

"Umetoka umekwenda wapi? Kula."

Akala, akaacha tonge la mwisho. Kesho yake akaacha tena, na kila alipopanda ngazi za nyumba yao alisimama kabla ya kidato cha juu, mguu hewani, mpaka mama yake amvute. Nyimbo zake zikawa zinakatika. Mama Onja alimgombeza akidhani ni utundu. Kisha siku moja mtoto akataka kupiga chafya. Akavuta pumzi, akavuta, macho yakamtoka, mikono ikashika meza, na chafya haikuja. Alikaa hivyo muda mrefu, akilia bila sauti, akiisubiri. Hapo ugomvi ulimkauka mama yake mdomoni.

Hospitali walimpima kila kitu. Daktari alisema hana ugonjwa. Mama Onja akarudi na hasira zake, hajui amtupie nani.

Usiku ule ndipo jambo lenyewe lilipojionyesha. Alikuwa akikunja nguo kitandani kwa mtoto taa ikiwaka, akasikia pembeni kurasa zikigeuzwa, polepole kwanza, kisha kwa haraka, kisha kwa haraka ya mtu anayetafuta kitu na kukikosa, na nyumba nzima haikuwa na kitabu hata kimoja kilichofunguliwa. Na Kitinda, aliyekuwa amelala chali, akafumbua mdomo bila kufumbua macho, na sauti iliyotoka humo haikuwa ya mtoto wala ya mtu mzima, ilikuwa kavu, ikisema, bibi harusi akasikia hodi dirishani, halafu, nahodha akakuta kitanda cha mwenzake kina damu, halafu, mlinzi wa mnara akafungua sanduku, halafu, halafu, halafu, na kila neno hilo lilipotamkwa kifua cha mtoto kilipanda, kikapanda zaidi, na hakikushuka.

Mtu mwingine angekimbia. Mama Onja alikuwa amesimama tangu alfajiri na miguu yake haikuwa na mbio. Alichokuwa nacho ni hasira.

"We!" alisema kwa sauti ya chini, asiwaamshe majirani. "Kama una jambo na mimi, niambie mimi. Mtoto kakukosea nini?"

"Umeninyima miisho," ikasema ile sauti. "Kila siku nakaa, kila siku unanifungia mlango usoni. Nami nachukua miisho yake. Maneno nimeshayachukua. Sasa nachukua pumzi."

Mama Onja alimpiga mtoto mgongoni kwa kiganja, mara kwa mara, mpaka kifua kikashuka. Hakulala. Kulipopambazuka alimgongea jirani yake, naye jirani akamleta mganga.

Mganga alikuwa mtu mfupi mwenye haraka, aliyeacha pikipiki yake nje ikinguruma. Akafukiza ubani, akaanza kusoma maneno yake. Kila alipofika mahali pa kupumua, mdomo wa Kitinda ulimwuliza, "Halafu?" Akaendelea. "Halafu?" Akaendelea mpaka maneno yakamwishia, akajifuta jasho.

"Huyu mtu wa namna gani?" alinong'ona. "Wengine wananikimbia. Huyu ananisikiliza! Mama, kwani wewe unafanya kazi gani?"

Akamweleza. Mganga akashika kichwa.

"Unawasomea watu, unakatia utamuni, kila siku, mahali hapo hapo? Na kiti kitupu umekiona?"

"Nimekiona."

"Ukanyamaza."

"Nilikuwa na kazi, baba!"

"Basi sikiliza. Sisi tumepewa macho ya kusoma. Wao, hawa pepo, wamepewa masikio tu. Wewe ukikatiwa unanunua kitabu. Yeye atanunua na nini? Ubani wangu hautamtoa, wala kuku. Kammalizie. Kwa sauti yako, pale pale ulipomkatia. Na fanya upesi, kifua hicho hakina siku nyingi."

Hakusubiri. Alimbeba Kitinda mgongoni, mkubwa alivyo, miguu ikimburuzika, akafika dukani mchana watu wameanza kujaa. Bosi alikuwa kwenye kaunta akipanga bei.

"Bosi, leo nasoma miisho."

"Miisho ya nini?"

"Ya vyote nilivyovionjesha. Mtoto wangu anakata roho."

Bosi alimtazama Kitinda kama anavyotazamwa mteja aliyeshika vitabu kwa mikono ya mafuta. "Mtoto akiumwa hupelekwa hospitali. Usiniletee uchuro kwenye rafu yangu. Ukisoma mwisho wa kitabu kimoja tu, huna kazi."

"Basi sina kazi," alisema Mama Onja.

Akamketisha mtoto sakafuni, ubavuni mwa kile kiti. Akavuta kitabu cha mapenzi na kukifungua nyuma. Alisoma kwa hasira, kama mtu anayesuta, na bado kilikuwa kizuri. Aliyepiga hodi dirishani alikuwa mama wa bibi harusi, aliyedhaniwa amekufa. Watu wakashusha pumzi. Kitini kitu kikalegea, plastiki ikalia. Akavuta cha upelelezi. Muuaji alikuwa yule daktari mpole. "Nilijua!" akapiga kelele karani. Akavuta cha safari, cha vita, cha yule mwanariadha aliyekatwa mguu, na katikati ya kitabu cha watoto, cha sungura, Kitinda akavuta pumzi, akavuta, akavuta, kisha akapiga chafya iliyompukutisha kamasi mpaka kwenye viatu vya karani.

Mama Onja hakuwahi kusikia sauti tamu kuliko hiyo.

Bosi alikuwa akizunguka na kupiga makofi. "Nendeni kuleni! Maonyesho yamekwisha!" Akamkamata Mama Onja mkono, akakinyakua kitabu wakati mtoto ameshikilia pumzi nyingine na midomo inageuka rangi. "Mwizi! Unaniibia mchana kweupe!"

"Mwache amalize, wewe!" watu wakafoka. Karani akampokonya Bosi kitabu, akamrudishia Mama Onja.

Kikabaki kimoja. Kitabu cha mlinzi wa mnara. Nakala zote zilikuwa zimenunuliwa, na walionunua hawakuwamo humo; imebaki ile ya kuonjeshea tu. Akakifungua nyuma na vidole vikagusa hewa. Kurasa za mwisho zilikuwa zimekatwa kwa wembe, mpaka kwenye gundi.

"Ziko wapi?"

Bosi akanyoosha kola. "Nilizikata mimi. Nilikuona ukichungulia nyuma. Kitabu kinachouzika vile, uje ukiropoke?"

"Ziko wapi, nasema?"

"Nilizichoma."

Ile harufu ikajaa duka zima. Kila mtu aliisikia sasa, wa mlangoni walitoka nje wakikohoa, na waliobaki wakasikia kurasa zikigeuka kwenye rafu bila mkono wa mtu, safu baada ya safu, na kifua cha Kitinda kikapanda, kikapanda mpaka vifungo vya shati vikavutika, na macho yake yakamgeukia mama yake, na kutoka kwenye kiti kitupu ile sauti kavu ikauliza, kwa upole kabisa, kama mtoto aliyeahidiwa, "Mlinzi akafungua sanduku. Halafu?"

Angeweza kudanganya. Angeweza kutunga. Lakini alimtazama Bosi, mtu aliyemnyang'anya kitabu huku mtoto wake akibadilika rangi, na hakutaka kutunga kitu.

Akanyoosha kidole.

"Mwisho anao huyo. Muulize yeye."

Kiti kiligeuka chenyewe. Miguu yake ilikwaruza sakafu, taratibu, mpaka kikamwelekea Bosi. Kitinda akatoa pumzi yote kwa mkupuo mmoja, akaangukia mapaja ya mama yake akilia kama mtoto yeyote aliyeamshwa vibaya.

"Ujinga gani hu—" alisema Bosi.

Akashika koo.

Duka lilifungwa muda si mrefu. Watu walisimulia kwamba Bosi hufika mlangoni kwake kisha akasahau kuingia ndani, na kwamba huvaa kiatu kimoja. Mama Onja alipata kazi shuleni, kupanga vitabu, na kila mchana aliwasomea watoto hadithi moja, fupi, mpaka mwisho. Kitinda alirudi kwenye maneno yake mpaka akaombwa anyamaze. Nyumba ikanuka sabuni, kama inavyotakiwa.

Asubuhi moja ya mapumziko, akitaka kutoka kuanika nguo, akasikia hodi. Alikuwa Bosi. Amekonda, vifungo vya shati vimeishia tumboni. Mkononi alikuwa na kitabu cha mlinzi wa mnara, kipya, kizima.

"Nimekipata," alisema. "Mji wa ma— Nimejisomea mwenyewe, ha— Huyu hasikii sauti ya mtu mwi— Ni yako tu. Mama, nakuomba. Ni kurasa chache. Usiku pumzi ina—"

Alimtazama. Alikiona kifua chake kinavyopanda. Alijua kinavyouma. Ingemchukua muda wa kunywa chai tu, na maji yalikuwa yanachemka.

Lakini alimkumbuka Kitinda sakafuni, na ule mkono uliokinyakua kitabu.

"Mtu akiumwa huenda hospitali," alisema.

"Mama Onja, nisikilize, kama huta—"

Akamfungia mlango usoni.

Akasimama hapo na bonge la nguo mbichi mikononi, maji yakimtiririka miguuni, moyo ukimdunda kwa raha ya hasira iliyolipwa. Nje, nyayo hazikuondoka. Ndani, jikoni, maji yaliacha kuchemka na moto bado unawaka. Kitinda alikuwa ameanza kumwita kutoka chumbani, "Ma—"

Na nyuma ya sikio lake, pamoja na harufu ya karatasi iliyoungua, kitu kikamwuliza:

"Halafu?"